Naeku na Sifuri ya Baba

Wachungaji, wazee wetu, ndugu na majirani, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Familia imenituma mimi Gadiel, kaka wa marehemu, niwasomee maisha ya Naeku Lomayani, na nikikwama mahali mnivumilie, maana huyu nilimbeba mgongoni.

Marehemu Naeku alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 kijijini Sambasha, mtoto wa tatu wa Mzee Lomayani na Mama Silantoi, akaanza shule mwaka 1996, na akiwa darasa la nne, Agosti 1999, baba yetu, aliyekuwa askari wa wanyamapori kule Momela, alikanyagwa na nyati akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini baba hakurudi kazini, hata kichaka cha shambani alikizunguka, na kila alipoulizwa alijibu kwamba haogopi kitu. Naeku aliyaona yote hayo, akaapa kwamba ipo siku atamrudisha baba Momela.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 2009, akasomea ufundi wa vifaa tiba, na Januari 2015 akaajiriwa katika kliniki ndogo ya afya ya akili huko Elerai, ambako mtu mwenye hofu huvalishwa miwani inayofunika macho yote na kuoneshwa, kama yuko palepale, kile anachokiogopa, kidogo kidogo. Kazi ya Naeku ilikuwa kibanio cha kidoleni kinachosoma mapigo ya moyo na jasho, ili kompyuta ikadirie hofu ya mgonjwa na kumsogezea picha au kuirudisha nyuma. Hapo ndipo shemeji yetu Derick, fundi wa Sakina, alipokuja mara ya nne kutengeneza jenereta ambayo ilikuwa nzima, akajaribishiwa kibanio, mapigo yakasoma mia na thelathini, na Naeku akajua habari yote kabla hajaambiwa. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2016, wakajaliwa Lucky na Agnela.

Ili kuifundisha kompyuta, Naeku aliwaomba wagonjwa wataje hofu yao kwa namba, sifuri hadi kumi, na wanaume wetu, ambao tangu jando wamefundishwa kutopepesa jicho mbele ya kisu, wakasema sifuri huku mioyo ikienda mbio, kompyuta ikaamini kwamba moyo unaokwenda mbio ndio uliotulia. Tarehe 8 Juni 2021 baba alikaa kwenye kiti cha kliniki na kuvalishwa miwani, kwa kumpenda tu binti yake, akasema sifuri, na kadiri moyo wake ulivyopiga ndivyo nyati wa kwenye picha alivyozidi kusogezwa, mpaka akaanguka na kiti, akavua miwani, akachukua fimbo yake na kuondoka. Wiki tano hakuzungumza na Naeku, na Naeku alilia sana, akisema kosa ni lake.

Kisha akaanza upya. Alikuja nyumbani asubuhi na kibanio mfukoni, akamwomba baba akivae wakati anakagua ng'ombe wakitoka zizini, bila kumuuliza swali lolote, akarudia asubuhi kumi na tisa, hadi kompyuta ikaujua utulivu wa baba mwenyewe. Baba akarudi kwenye kiti, na safari hii nyati alisogezwa pale tu moyo wake ulipotulia. Tangu hapo kila mgonjwa alipimwa kwanza akiwa mahali anapopapenda. Tarehe 2 Oktoba 2022 baba alitembea kwa miguu yake hadi ukingo wa ziwa kule Momela, Naeku ubavuni, na aliporudi alisema tu kwamba nyati wa siku hizi wamekonda.

Machi 2024 Naeku aligundulika na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi kumi na moja, na siku ya mwisho alikuwa amekata kauli, kibanio cha hospitali kikiwa kidoleni mwake. Baba alikaa kitandani, akamtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake, kama wanavyotoka zizini, na sote tuliona namba za mapigo zikishuka na kutulia. Alifariki Jumanne, 11 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kliniki, majirani wa Elerai waliowalea watoto, na mafundi wa Sakina waliomshika Derick asianguke.

Neno la mwisho ni la baba, ameomba lisomwe mbele ya rika lake. Asubuhi ile muuguzi Eunike alimuuliza kama yuko sawa, naye, wazee wenzake wakisikia, akajibu: "Kumi, mwanangu. Leo ni kumi."

Pumzika, Naeku, moyo ukiwa umetulia.