Nani Aligonga Chuma Siku ya Fainali

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika kutushika mkono, mimi binti mkubwa wa marehemu nimesimama hapa kwa niaba ya familia, na naomba mjue mapema kwamba haya nitakayoyasoma, isipokuwa ya siku zake za mwisho, marehemu aliyasikia akiwa hai, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali asemwe asikokuwepo, alitutaka tumsomee kitandani, naye akayapitia neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, baba yake akiwa mlinzi wa ghala na mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali, akatanguliwa na kaka mmoja tu aliyempita miaka sita, ambaye ndiye aliyembeba, ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyemsukumia majini kwa mara ya kwanza bila kumwambia, jambo ambalo marehemu alisema lilimfungua macho mapema kuhusu binadamu.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, akamaliza sekondari Novemba 1969 kwa alama za kawaida, kwani akili yake ilikuwa kwenye bwawa la kiwanda, ambako kaka yake alikuwa fundi bomba na alikuwa na funguo, na hapo ndipo alipojifunza kuogelea kwa mgongo, mtindo ambao mtu hulala chali, macho juu, asione anakokwenda. Kwenye mabwawa makubwa hutundikwa bendera ndogo juu ya maji karibu na ukuta, ili anayeogelea chali akiziona ajue amefika, lakini bwawa la kiwanda halikuwa na bendera, kwa hiyo kaka yake alisimama mwisho wa bwawa na spana mkononi, na marehemu alipobakiza mapigo mawili ya mkono kaka aliigonga ngazi ya chuma mara tatu, sauti ikapita majini hadi masikioni, naye akanyoosha mkono akagusa ukuta. Walifanya hivyo miaka saba, wala hakupasua kichwa hata siku moja.

Mnamo Agosti 1974 marehemu aliteuliwa kwenda mashindano ya kimataifa, kaka yake akaenda naye kama mwalimu wake, na tarehe 22 ya mwezi huo akaingia fainali ya wanaume ya mita mia kwa mgongo, mtu wa kwanza kutoka kwetu kufika hapo. Kaka alimwambia siku hiyo hakuna spana, afuate bendera kama wenzake, marehemu akaitikia, ila moyoni hakuziamini, akasema vile ni vitambaa vilivyofungwa na watu asiowajua. Aliongoza tangu kugeuka, na wote walioona walikiri hivyo, mpaka karibu na mwisho aliposikia chuma kikigongwa mara tatu ndani ya maji, na mwili ukatii kabla ya akili, akapiga mikono miwili, akanyoosha wa tatu, ukuta haukuwepo, akabaki anateleza huku mkono uko juu ya kichwa, na watatu wakampita.

Alipotoka majini alimtafuta kaka yake pale alipomwacha jukwaani, hakumwona, na kaka alipotokea alikuwa amevaa koti la timu ya yule aliyeshinda. Marehemu akamuuliza, ulikuwa wapi, kaka akafunga vifungo vya koti akatangulia kwenda kwenye basi. Sasa ninyi mnaojua hesabu jumlisheni wenyewe, ishara ile walikuwa wanaijua watu wawili tu duniani, mmoja alikuwa majini, na kaka mwenyewe aliwahi kuachwa nje ya timu ya kuogelea ujanani, watu wakasema kijicho hakizeeki. Waliporudi nyumbani, marehemu alitamka mbele ya wazazi kwamba huyu si ndugu yake tena, na kwamba akitangulia kufa, huyo asikanyage kaburini kwake. Mama yao alilia mpaka akapoteza sauti, lakini marehemu hakurudisha neno.

Mwaka 1976 aliajiriwa kuwa mwalimu wa kuogelea katika bwawa la manispaa, akatumikia hapo hadi alipostaafu Juni 2011, na kila asubuhi kabla ya mtu kuingia majini alipanda ngazi kupima mwenyewe umbali wa bendera kutoka ukutani, ndipo wanafunzi wakampa jina la Bwana Futi, naye akafanya uchunguzi wa nani aliyelianzisha. Sauti ya chuma hakuitaka kabisa, mfagizi akiangusha ndoo bwawa zima hunyamaza, na sisi nyumbani tulijifunza kuweka sufuria taratibu.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, baada ya kuulizia habari zake kwa majirani watatu, na mama alipogundua naye akaulizia habari zake kwa watano, akasema sasa tuko sawa, tuoane. Walijaliwa watoto watatu, na kila mmoja wetu alipozaliwa marehemu alikuwa mlangoni mwa wodi na uzi mwekundu wa kutufunga mkononi, asije akabadilishiwa mtoto. Tulimpenda, na tulichoka naye, yote mawili ni kweli.

Marehemu alianza kuugua mapafu mwaka 2019, akalazwa mara ya mwisho tarehe 3 Februari mwaka huu, na daktari akitaka kumpa dawa ilibidi amwoneshe kwanza boksi lake. Kaka yake alikuja wiki ya pili, mzee wa miaka themanini, akakataa kiti, akasema akiwa wima kwamba siku ile ya fainali hakuweza kutazama, hofu ilimshika kama homa, akakimbilia ukumbi wa nyuma akajifunika uso na kutetemeka, mpaka dereva wa timu ya yule aliyeshinda akamvua mwenzake koti na kumvika yeye, na kwamba mwalimu kuyakimbia mashindano ya mdogo wake aliona ni aibu kubwa mno, afadhali aitwe msaliti kuliko kuitwa mwoga.

Marehemu alimhoji kama polisi, ukumbi ulikuwa na rangi gani, dereva aliitwa nani, koti liko wapi, na kaka akajibu vibaya kote, rangi hakumbuki, jina hakuuliza, koti lililiwa na nondo. Marehemu akasema, habari yako haina hata shahidi mmoja. Kaka akavaa kofia yake kutaka kuondoka, nasi tulijua ndiyo basi. Ndipo marehemu akaniambia nimsomee pale panapotaja aliowaacha, nikasoma mama, sisi watatu na wajukuu wanne, akanikazia macho yale yale aliyomkazia kila mtu maisha yake yote, akasema, "Umemsahau mtu, hebu andika vizuri."

Alifariki asubuhi ya tarehe 27 Februari. Aliyegonga chuma hatumjui, huenda ni mshangiliaji tu aliyegonga nguzo ya jukwaa, na marehemu hakuuliza tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa kujibu maswali yasiyokwisha, majirani kwa kuvumilia kuchunguzwa dirishani, na wafanyakazi wenzake wa bwawa la manispaa, mliofunga lango leo ili mje.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na kaka mmoja, na kaka huyo, kwa agizo la marehemu mwenyewe, ndiye atakayeweka udongo wa kwanza. Pumzika kwa amani, baba.