Ngendo, Aliyefungua Mlango Kila Jumamosi

Mimi ni Ngigi, kaka mdogo wa marehemu, na ninasoma haya kama alivyoniagiza mwenyewe, bila kuruka kitu.

Ngendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1995 hapa Kiganjo, Thika, mtoto wa pili wa Mzee Gerishon na Mama Mumbi, akasoma mtaani humu, akafanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2013, kisha akaingia chuo kikuu kusomea historia, ambako yeye na mwenzake Ndambuki walianzisha tawi la chama cha wanafunzi wanaoigiza maisha na vita vya Ulaya ya kale, wakashona majoho, wakachonga panga za mbao, na mafundi wa jua kali wakawakatia deraya, mavazi ya chuma ya vita, kutoka kwa mapipa makuukuu.

Jumamosi, tarehe 11 Februari 2017, katika maonyesho yao, Ndambuki, aliyekuwa mfalme siku hiyo, alianguka saa tisa alasiri akiwa ndani ya chuma, juani, na hakuamka tena. Tawi likafungwa.

Ngendo alihitimu mwaka uliofuata, akaajiriwa kufundisha historia Ruiru, akafunga ndoa na Omondi tarehe 7 Desemba 2019, na tarehe 2 Juni 2021 wakajaliwa binti, Dianah. Omondi ameniruhusu niseme kwamba kila Jumamosi, saa tisa, mkewe alisikia nyayo za chuma zikipanda ngazi, akaenda kufungua mlango, akasimama hapo kitambo, kisha akaufunga na kurudi jikoni. Omondi hakuwahi kusikia kitu, lakini Dianah, alipoanza kuongea, aliuliza yule mtu wa ngazi ni nani.

Oktoba 2024 Ngendo aligunduliwa kuwa na saratani ya damu, akalazwa mara nne, na Mei mwaka huu akaniomba nimletee mama yake Ndambuki kutoka Kalimoni. Nilikuwepo alipomwambia, "Mama, siku ile Ndambuki alisema hapumui vizuri, akataka kuvua ile kofia ya chuma, nikamwambia avumilie tumalize picha."

Mama huyo alitoka bila kuaga, nasi tukadhani ndiyo basi, lakini Jumamosi iliyofuata alirudi na chupa ya uji, akaketi kando ya kitanda mpaka saa tisa ikapita, na Ngendo akashikwa na usingizi. Mama Ndambuki hajasema kama amemsamehe, nasi hatukumwuliza. Ngendo alituacha tarehe 3 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Ruiru na Kiganjo, walimu wenzake, na Mama Ndambuki, ambaye leo ameketi nasi mstari wa mbele.

Dada yangu, umeshasema yote. Sasa pumzika kwa amani.