Hoyt Crumpton Ashuka Paani

Hoyt Crumpton ameitumikia timu yetu ya mbio za magari miaka thelathini na minne, na anastaafu tarehe 31 Oktoba. Mimi Verlene, mpishi wa timu, ndiye niliyeambiwa niandike. Mliotaka maneno matamu mngemwomba mwingine.

Alianza kwa kubadilisha matairi, kisha akapandishwa juu ya paa la jukwaa awe macho ya dereva. Kwenye uwanja wetu huu wa Alabama magari hukimbia yamegusana pua na mkia, na dereva aliyefungwa mikanda haoni ubavuni. Hoyt humwambia redioni: "Yupo ndani. Bado. Bado. Peupe!" Akisema peupe, yaani ubavuni hakuna gari, dereva anakata usukani bila kuuliza. Nimempelekea mikate huko juu. Yale magari yakipita pamoja, paa zima linatetemeka. Hakuna raha kama ile, msinidanganye na mipira yenu.

Alikuwa na miiko yake. Ukileta karanga za maganda karibu na gari, eti ni nuksi, unafukuzwa, hata uwe mwenye timu. Zake nilimchemshia mimi, akazila nje ya lango kama mume aliyefungiwa mlango.

Uwanja huu wa nyumbani hatujawahi kushinda. Jumapili iliyopita dereva wetu, Tully Brasher, aliongoza hadi mzunguko wa mwisho. Upande wa mbali wa uwanja gari jingine likamfuata kwa kasi, naye akataka kushuka ndani alizibie njia.

"Mzee, peupe?"

Wote wenye redio tulimsikia Hoyt akijibu:

"Sioni, mwanangu. Usikate."

Tully hakukata. Yule akapita, tukawa wa pili.

Picha zinaonyesha palikuwa peupe kabisa. Angebahatisha tu, kombe lingekuwa letu. Gereji nzima ilinuna, na fundi mmoja akasema, "Mzee katunyima kombe." Tully akamgeukia: "Kakunyima jeneza la kubeba. Nyamaza ule."

Lakini mimi sinyamazi, Hoyt. Macho yalianza kukusumbua tangu masika, ukaficha kwa kiburi. Ungesema mapema, pengine leo ungekuwa bado juu, na kombe tunalo. Hilo litaniuma mpaka nizikwe.

Hata hivyo, asante. Umewarudisha watoto wa watu kwa mama zao. Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa macho, na sitaki ubishi. Karanga sasa kula popote.

Uende kwa heri, mzee wetu. Mbele yako peupe. Safari hii nimekuangalilia mimi.