Wasifu wa Generosa Mageni, Nesi wa Saa Mbili

Baba Paroko, wazee, majirani wa Runzewe na nyote mliotoka machimboni kumsindikiza dada yetu: mimi ni Enock, mdogo wake anayemfuata, mwalimu wa Kiswahili Shinyanga mjini. Wasifu huu niliuandika mwenyewe na nikaupeleka kuchapwa mwenyewe. Kamati ya mazishi iliniomba aya ya kazi iwe fupi, ili tusichokoze yaliyopita. Sikuweza kuifupisha. Wazee watanisamehe, au hawatanisamehe.

Generosa Mageni Lubinza alizaliwa hapa Runzewe, Jumapili tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Lubinza na Mama Tekla. Siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa wageni waliokuja kumposa shangazi, ndiyo maana akaitwa Mageni. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto alipolia chumbani, watu wote walihamia huko na posa ikasahauliwa mpaka jioni.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya wasichana Shinyanga hadi 1989. Tulipokuwa wadogo alinibeba mgongoni kuvuka kijito wakati wa masika, na shukrani yangu ilikuwa kumsahihisha lugha. Siku moja alimwambia mama kwamba tumetembea masaa mawili. Nikadakia huko mgongoni, "Saa mbili, dada. Saa haina ma." Akanitua katikati ya matope. "Haya, mwalimu," akasema, "tembea hizo saa zako." Jina hilo la mwalimu aliniita tangu siku ile, miaka mingi kabla sijawa mwalimu. Mwaka 1993 alihitimu uuguzi na kupangiwa kazi ukanda wa machimbo ya Geita.

Jumamosi tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Eustace, mchimbaji wa maduara, yale mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu, mtu mpole aliyeshuka shimoni kila siku akiimba. Walijaliwa Fredy, Dorah na Rebeka. Eustace alifariki Juni 2011, kifua kikiwa kimeharibiwa na vumbi la mawe, kisha kifua kikuu. Alikunywa dawa zote bila kuruka hata siku moja. Dada aliamini kwamba dozi ile haikumtosha mtu mwenye mapafu kama yale, na imani hiyo ndiyo iliyomwingiza katika kazi nitakayoieleza.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 watafiti walifungua kituo kidogo karibu na machimbo, kuchunguza kama wachimbaji wenye kifua kikuu wanahitaji dozi kubwa zaidi. Mgonjwa alimeza dawa mbele ya nesi, kisha damu yake ilichukuliwa ili kupima dawa iliyoingia mwilini. Ikionekana ni kidogo, dozi iliongezwa. Ini nalo lilipimwa mara kwa mara, maana dawa ile ikizidi huliumiza. Dada aliajiriwa Agosti, nesi aliyekuwapo alipoacha kazi ghafla. Hakupata mafunzo marefu. Alipewa karatasi moja ya maelekezo, na karatasi ilisema: "Damu ichukuliwe saa mbili baada ya dawa."

Wagonjwa walimeza dawa saa moja na nusu asubuhi. Pikipiki ya kupeleka damu maabara iliondoka saa mbili na nusu. Kwa hiyo dada aliisoma karatasi kama ambavyo mtu yeyote wa machimboni angeisoma: ilipofika saa mbili asubuhi, baada ya dawa, alichoma sindano. Karatasi ilimaanisha muda wa kusubiri. Yeye aliona saa ya ukutani.

Mgonjwa mmoja, Nasibu, fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe, alimtania: "Nesi, dawa bado iko kooni unaifuata na sindano?" Dada alicheka, akaandika, akafunga kichupa. Ndani ya wiki sita majibu ya wagonjwa kumi na mmoja yalionyesha dawa kidogo mno katika damu. Dozi zao zikaongezwa. Nasibu akaongezewa mara mbili.

Ofisi ya utafiti ilikuwa Shinyanga, na msimamizi wa vipimo alikuwa mfamasia kijana, Urvi, mtoto wa wenye duka la vitambaa. Aliona namba zile hazikai sawa, akapiga simu.

"Shikamoo Mama Fredy. Damu mnachukua saa mbili baada ya dawa?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo, saa mbili kamili. Sichelewi hata dakika."

"Basi sawa."

Wote wawili walikata simu wakiwa wameridhika, na dozi kubwa iliendelea kutolewa siku kumi na mbili zaidi.

Jumatatu tarehe 8 Oktoba 2018 Nasibu aliingia kituoni akiwa ameshikiliwa na kaka yake. Macho yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Dada alimpigia Urvi simu, na Urvi, kwa hofu, akaacha Kiswahili cha ofisini akauliza kwa kile cha dukani kwao: "Mama Fredy, kutoka kumeza mpaka sindano ni masaa mangapi?"

Dada aliitazama saa ya ukutani, akajibu, "Nusu saa."

Wagonjwa wengine walikuwa kwenye benchi na vikombe vya maji mkononi. Dada alipita akivikusanya kimoja kimoja. Daktari wa zamu, Gregory, alimwambia hana mamlaka ya kusimamisha dozi mpaka barua itoke Shinyanga. Dada akamjibu, "Daktari, barua itakuja. Ini halisubiri barua." Alifungia dawa kabatini, ufunguo akautia kifuani. Wawili kati ya wale kumi na mmoja walikuwa na dawa za wiki nzima nyumbani, mmoja Nyarugusu ndani, mwingine alikuwa amehamia upande wa Bulyanhulu. Alipanda pikipiki akawafuata, akarudi na paketi zote mbili. Nasibu alilazwa siku kumi na saba, na kwa siku tisa hakuna aliyejua kama angepona. Alipona, na wale wengine wote walipona.

Kamati ya uchunguzi ilimwuliza kama karatasi ndiyo iliyompotosha. Alijibu kwamba karatasi ilikuwa sahihi, yeye ndiye aliyesoma vibaya. Akaachishwa kazi. Ndugu zake Nasibu walisimama mlangoni kwake wakimwita muuza damu, na machimboni alibakiwa na jina la Nesi wa Saa Mbili. Wengine wenu hapa mlilitumia. Nililisikia hata jana, hapa hapa msibani.

Sasa nasema kile ambacho kamati ya uchunguzi haikukiona. Ofisi ya Shinyanga iliandika karatasi ile ikiwa na maneno "masaa mawili baada ya dawa." Agosti ile, kabla ya kuichapa, walitafuta mwalimu wa kunyoosha lugha, na mwalimu huyo nilikuwa mimi. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata "masaa mawili", nikaandika "saa mbili", kwa sababu saa haina ma. Nilijivuna. Nilimpigia hata dada kumwambia kwamba utafiti wao sasa unasema Kiswahili fasaha.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba alinipigia. "Enock, ile karatasi uliisahihisha wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi usimwambie mtu. Wewe una wanafunzi. Mimi wangu wameshapona au watapona." Alikuwa hajajua bado kama Nasibu angepona. Mimi nilikuwa nikisubiri kuteuliwa mkuu wa shule, nikanyamaza. Niliteuliwa. Nimenyamaza miaka karibu saba, na aibu hiyo ni yangu, haikuwa yake hata siku moja.

Baada ya hapo marehemu alirudi Runzewe, akawa akipima shinikizo la damu la wazee barazani kwake. Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa, akahamia Mwanza kwa Rebeka ili asafishwe damu. Nesi akimwambia dawa ni ya saa mbili, alimrudisha: "Saa mbili ipi, mwanangu? Niandikie asubuhi au usiku." Nilipomwomba ruhusa ya kusema ukweli, alisema, "Nikiwa hai nitakukatalia. Wasifu wangu andika wewe. Ila uandike kama watu wanavyosema."

Jumanne tarehe 12 Agosti 2025 alishindwa kuongea. Alinishika mkono kwa masaa mawili. Alifariki saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Ameacha watoto watatu, Fredy, Dorah na Rebeka, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake watano tuliobaki. Jana, nilipokuwa nikijiandaa kuupeleka wasifu huu kuchapwa, Nasibu alikuja hapa nyumbani na kaka yake yule yule aliyesimama mlangoni kwa dada. Nilimsomea ukurasa huu wote kabla ya mtu mwingine yeyote. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunisamehe wala hakunilaumu. Aliuliza tu kama jina lake linaweza kuandikwa kati ya walioachwa. Nimeliandika: Nasibu, fundi wa karasha, ambaye yuko hai.

Wabeja, asante, dada Mageni. Nitue hapa nitembee mwenyewe. Wewe pumzika kwa amani.