Mahindi Yaliyoota Kabla ya Zamu

BOCHABERI: Haloo? Duka la vitambaa la Orina, Migori hapa. Naongea na nani?

BONARERI: Ni mimi.

BOCHABERI: Mama? Nimekaa kando ya hii simu tangu asubuhi mpaka Orina ameniuliza kama nimeolewa nayo.

BONARERI: Ni hilo gugu la maji, mwanangu. Limeziba gati lote la Homa Bay. Tumekaa hapo nje, mji tunauona, mashua haisogei. Wanaume wameshuka na mapanga kulikata. Habari ya huko? Sheila anaendeleaje?

BOCHABERI: Mzima. Ako mgongoni hapa, amelala. Mama, mko steji tayari? Mnapanda gari la saa ngapi?

BONARERI: Niko posta, kwa kibanda cha — [mkwaruzo] — na nje kuna foleni. Baba Sheila hajambo?

BOCHABERI: Hajambo. Gari la saa ngapi?

[Sarafu inaanguka ndani ya simu.]

BOCHABERI: Mama. Usiniambie.

BONARERI: Mimi sijasema kitu.

BOCHABERI: Ndiyo maana. Kesho ni Sabato. Kesho pasta anamwombea Sheila mbele ya kanisa, na babu yake ndiye wa kumshika. Tumepanga hii kitu mara ngapi? Kwanza mashua ikaishiwa mafuta. Halafu Baba akashikwa na malaria. Halafu mkasema kuna ubatizo, kumbe anayebatizwa ni mtu mmoja.

BONARERI: Mmoja naye ni mtu.

BOCHABERI: Sikatai. Lakini mtoto anaota meno na hakuna kati yenu anayejua sura yake. Mama mkwe ananiuliza, kwa upole tu, kama mimi nina wazazi ama niliokotwa sokoni.

BONARERI: Mwambie wazazi wako wako kwa kazi ya Mungu.

BOCHABERI: Kazi ya Mungu tuliambiwa ni mwaka mmoja. Mlivuka mwanzo wa tisini na sita. Wazee wenzenu wote wako kwao Kisii wanaangalia chai ikikua, nyinyi mko huko na viboko —

BONARERI: Ngoja — [mkwaruzo] — ngoja kwanza. Kuna maneno kisiwani.

BOCHABERI: Maneno gani tena?

BONARERI: Unajua tunakaa ndani ya boma la mzee Nicodemus. Alitupa nyumba, akatupa na kishamba nyuma ya kanisa. Mvua ilipoanza, hicho kishamba kikapandwa mahindi.

BOCHABERI: Sasa?

BONARERI: Kumbe kwao mwenye boma ndiye hutangulia. Nicodemus atie mbegu kwanza, yeye na Filister, mke wake mkubwa. Halafu kifungua mimba wao, halafu anayemfuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Sasa mgeni amewapita wote. Ni kama umemzika mzee wa watu naye ameketi hapo anakunywa uji.

BOCHABERI: Na wao bado hawajapanda?

BONARERI: Hakuna jembe limeguswa. Yeye, wanawe wote na wake zao. Mvua inanyeshea magugu, na katikati ya boma mahindi yetu yamesimama, kijani, yamependeza. Nikifungua mlango asubuhi naona haya kuyaangalia.

BOCHABERI: Huyo ni Baba. Huyo ni Baba kabisa. Amefundisha watu maisha yake yote, yeye mwenyewe haulizi mtu kitu. Anaona mvua anakimbilia jembe, hajui —

BONARERI: Si yeye.

BOCHABERI: Usimtetee, Mama.

BONARERI: Bochaberi. Siku hiyo baba yako alikuwa kitandani, anatetemeka na homa.

BOCHABERI: Ni wewe.

BONARERI: Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo umelainika, mbegu iko ndani ya gunia. Niambie wewe, Mkisii gani ataketi mlangoni aangalie mvua kama hiyo ikimpita?

BOCHABERI: [anacheka kwa pua] Hayuko.

BONARERI: Hayuko. Wacha basi.

BOCHABERI: Na hakuna mtu alikwambia?

BONARERI: Walifikiri najua. Kitu ambacho kila mtoto anajua, nani atakaa chini amfundishe mke wa mwalimu? Filister alipita na mtungi wake, akaniona nimeinama. Akasimama. Akarudi alikotoka. Mimi nikadhani amesahau kitu.

BOCHABERI: Pole, Mama.

BONARERI: Tangu siku hiyo wiki yangu imekufa. Jumatatu mimi huwa na akina mama wa kushona, si unajua, mpaka tunagombania cherehani. Jumatatu hii nimeketi peke yangu, naipaka mafuta. Jumatano watoto hunijia na vidonda vyao, hakuna aliyekuja, na vidonda naviona vikipita barabarani. Sabato tulikuwa mimi, baba yako, na Elijah yule mvuvi.

BOCHABERI: Angalau Elijah.

BONARERI: Alikuja kuchukua karabai yake.

[Mkwaruzo mrefu]

BONARERI: Haloo? Uko?

BOCHABERI: Niko. Na dawa ya hiyo kitu ni nini? Ama haina?

BONARERI: Iko, tena rahisi. Mkono uliopanda ndio ung'oe. Nayang'oa yote, Nicodemus na Filister wanapanda, wengine wanafuata, yanaisha. Filister mwenyewe alimtuma mkwe wake aniambie. Hawana kinyongo cha kutaka mbuzi wala nini. Wanataka kupanda.

BOCHABERI: Si ung'oe basi.

BONARERI: Baba yako amekataa.

BOCHABERI: Amekataa nini? Mahindi?

BONARERI: Anasema tukiyang'oa tumekiri kwamba mizimu ina nguvu kuliko mvua ya Mungu. Anasema ametumwa kuwafundisha, si kufundishwa. Kila jioni anawapelekea Biblia mlangoni. Wanamkaribisha, wanampa kiti, wanamsikiliza mpaka mwisho. "Asante, Japuonj." Wanamwita hivyo, mwalimu. Asubuhi jembe liko palepale limeegemea ukuta.

BOCHABERI: Na wewe umemwambia?

BONARERI: Nimemwambia mpaka mdomo umekauka. Nimemwambia, mzee, hawa watu watakula nini mwezi wa nane, mahubiri? Akasema nimekosa imani. Mimi. Niliyepika uji wa kanisa lake tangu akiwa kijana wa kwaya.

BOCHABERI: Sasa ndiyo sababu hamji.

BONARERI: Anasema mchungaji hatoki kondoo wakiwa wamekasirika.

BOCHABERI: Basi mwambie hivi. Mwambie na huku kuna kondoo. Mdogo, ana meno mawili. Na mimi sitaahirisha tena, Mama. Kesho baba mkwe atamshika na tutaendelea. Sitalia. Nimechoka kusimama kwa hiki kiduka kila Ijumaa nikingoja kuambiwa vile —

BONARERI: Baba mkwe wako asimshike.

BOCHABERI: Nani basi?

BONARERI: Baba yako anakuja.

BOCHABERI: Si umesema —

BONARERI: Nimesema anavyosema yeye. Sasa nakwambia anavyofanya. Amepanda kilimani kwa ofisi ya kanisa kuchukua vitabu vya masomo ya Sabato. Suti yake iko ndani ya begi langu, niliikunja jana usiku chini ya mablanketi. Kiti nimekilipa, gari la kupitia Rongo. Akishuka namwonyesha tikiti.

BOCHABERI: Atakataa.

BONARERI: Baba yako? Kitu kimeshalipwa? Huyo hawezi kuacha hata soda nusu.

BOCHABERI: [anacheka] Kweli. Kwa hiyo mnafika kabla jua halijatua. Haya, nitamwambia jirani yetu Mama Ombui awaandalie kitanda, maana najua Baba hawezi kulala kwa mkwewe, hata —

BONARERI: Amwandalie yeye.

BOCHABERI: Nini?

BONARERI: Kiti ni kimoja.

[Sarafu inaanguka.]

BOCHABERI: Mama, hapana.

BONARERI: Mashua inarudi saa tisa. Kesho Sabato, sigusi kitu. Jumapili kukipambazuka nitakuwa shambani.

BOCHABERI: Yeye hajui.

BONARERI: Atajua akirudi.

BOCHABERI: Akute kishamba kitupu.

BONARERI: Akute boma zima limepandwa. Atanuna. Nimekaa na huyo mtu tangu sijang'oka jino hata moja, kununa kwake najua kunaanzia wapi na kunaishia wapi. Kwa Filister sijui kunaishia wapi.

BOCHABERI: Na Sheila je? Mimi je? Mama, mimi nilikuwa nakungoja wewe. Baba ni wa kanisa. Wewe ndiye — kuna mambo nilitaka kukuuliza, ya mtoto, si ya simu. Usiku halali, maziwa yangu naona —

BONARERI: Najua.

BOCHABERI: Hujui. Hujui kwa sababu huko hapa.

[Mkwaruzo]

BONARERI: ... huwa anang'ata? Kwa hayo meno?

BOCHABERI: Anang'ata.

BONARERI: Mkandamize pua kidogo kwa titi, ataachia. Usimpige kofi, atakataa kunyonya. Na usiku mlaze upande wa ukuta, si katikati yenu. Bochaberi, sikiza. Ndani ya begi kuna kofia na sweta. Kichwa nilipimia mjukuu wa Filister, walizaliwa pamoja na Sheila. Ilikuwa kabla hajaacha kumleta. Kama ni ndogo, fumua pembeni, uzi umebaki mrefu.

BOCHABERI: Sawa.

BONARERI: Umekasirika.

BOCHABERI: Nimekasirika, ndiyo.

BONARERI: Hata mimi. Nimepanda mbegu nzuri sana.

BOCHABERI: Watu wa foleni wanasema nini hapo?

BONARERI: Wanagonga. Wacha wagonge. Sasa, kazi yako ni moja. Jumapili asirudi. Akivuka Jumapili atanikuta nimeinama, na atasimama katikati ya shamba na Biblia, na Nicodemus anaangalia. Mweke huko mpaka Jumatatu.

BOCHABERI: Nimdanganye? Baba?

BONARERI: Nani amesema udanganye? Analala kwa Ombui, si ndiyo? Mwambie mzee Ombui amuulize tu swali moja la kitabu cha Danieli, pale mezani, Sabato ikiisha; baba yako akianza kueleza hamalizi.

BOCHABERI: Lile la sanamu?

BONARERI: La sanamu litakupeleka Jumapili mchana tu. Amuulize la pembe ndogo.

BOCHABERI: [anacheka, anapenga kamasi] Mama, wewe utaenda mbinguni kweli?

BONARERI: Nitaingia na umati. Namwona baba yako, anavuka barabara, amebeba vitabu mpaka kidevuni. Sarafu imeisha. Salimia nyumba.

BOCHABERI: Na akitaka kuondoka tu? Jumapili asubuhi, ameshavaa kofia? Nitamshika na nini mtu kama Baba?

BONARERI: Mpe mtoto. Atashikwa yeye —

[Mlio. Simu imekatika.]

BOCHABERI: Mama? ... Mama, na wewe utakuja lini?