Mwanatatu Jumaa na Asali ya Kivuti

Bi Mwanatatu Jumaa anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya Makutano, Meru, kwa miaka ishirini na miwili. Tungependa kuandika kwamba tumefurahi. Ukweli ni kwamba tumenuna, na meneja wetu Thuranira amenuna kutushinda sote.

Alipoajiriwa, hapa palikuwa saiba, duka la kukodisha intaneti, na kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu. Tulipoanza kuwatengenezea wafanyabiashara tovuti, alijitwika kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kuwaeleza wateja kwa nini kurasa zao ziko juu leo kwenye Google na kesho zimezama. Maneno ya fani hii yanachosha. Kuna sasisho kuu, ambapo injini ya kutafuta hupima upya kurasa zote. Kuna sasisho la kupambana na taka, linalowalenga wadanganyifu. Kisha kuna adhabu yenyewe, ambapo mkaguzi huona hila kwenye tovuti yako na ukaandikiwa ujumbe. Mama mmoja muuza ndizi wa soko la Gakoromone alielewa mara moja alipoambiwa kwamba sasisho kuu ni kama soko kupangwa upya: ndizi zako hazijaoza, ila umesogezwa mbali na lango.

Sasisho huchukua siku kadhaa, hata wiki, kuenea kote. Muda huo wote Bi Mwanatatu alipiga marufuku kugusa ukurasa wowote, kwani mahindi hayapimwi kabla hayajakauka. Thuranira aliwahi kufumaniwa akibadilisha vichwa vya kurasa kisirisiri, akatozwa sambusa za ofisi nzima. Tulizila bila huruma.

Lakini Bi Mwanatatu mwenyewe ametuomba tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, na tusimwache Kivuti nje.

Kivuti alikuwa mteja wetu, mfuga nyuki wa Gachoka, huko Mbeere. Ukitafuta asali ya Mbeere mtandaoni, ukurasa wake ndio uliotangulia. Machi 2019 lilipita sasisho kuu, nao ukashuka hadi mahali ambapo hakuna anayefika. Siku hiyo simu zilikuwa nyingi, na Bi Mwanatatu alimpigia kabla ya kufungua sehemu ambako Google huweka ujumbe wa adhabu, akamwambia ameadhibiwa. Hakukuwa na adhabu yoyote. Ukurasa wake ulikuwa umepimwa upya pamoja na kurasa za dunia nzima.

Huku kwetu asali hupelekwa kwa wakwe, na anayeuza asali ya mahari huishi kwa jina lake. Kivuti alipokea simu ile akiwa dukani, sauti ikisikika na kila mtu. Waliokuwepo walisikia kwamba ameadhibiwa, wakajitafutia sababu wenyewe: lazima ametia sukari. Wateja wakapungua mmoja mmoja, naye akatuagiza tuufute ukurasa.

Bi Mwanatatu alipogundua kosa lake alienda Gachoka kuomba radhi. Alibeba majani ya chai na unga. Sukari aliiacha, akijua yatakayosemwa. Kivuti alimkaribisha chakula, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu, “Mama, mimi sina maneno na wewe. Lakini watu walishasikia nimepigwa faini, na hiyo siwezi toa kwa masikio yao.”

Kila mwaka Bi Mwanatatu alirudi kumwomba aturuhusu tuurudishe ukurasa bila malipo, na kila mwaka alikataliwa kwa upole. Mwaka jana, wakati wa mvua, Kivuti akafariki. Bi Mwanatatu alisimama nyuma kabisa kwenye mazishi. Jambo hilo linamuuma hadi leo, nasi inatuuma kumwona akiondoka nalo.

Tangu simu ile, ofisini hakuna anayetamka adhabu kabla ya kufungua ujumbe na kuusoma mbele ya mwenzake. Wateja wetu kutoka Embu hadi Maua wameepushiwa hofu nyingi kwa sababu hiyo, na wengi hawajui ni nani wa kumshukuru.

Tulikuwa tumemwandalia saa ya ukutani, kubwa na ya gharama. Ameikataa, akisema saa anazo. Zawadi aliyoomba ni wasifu huu uwekwe kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yetu na usifutwe kamwe, ili atakayelitafuta jina la marehemu alikute na maneno ya kweli kando yake. Wanjira, bintiye Kivuti, ameridhia.

Bi Mwanatatu, asante kwa subira yako, kwa chai ya tangawizi ya saa nne, na kwa kutufunza kunyamaza hadi tujue. Kapumzike na wajukuu wako. Mungu akujalie afya na moyo mwepesi.

Na wewe uliyefika hapa ukimtafuta Kivuti wa Gachoka: hakuadhibiwa na yeyote, na asali yake ilikuwa safi.