Mwalimu Futa na Ubao wa Jumatatu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, sogeeni karibu, viti vya mbele vipo, kwa maana historia hii inawahusu ninyi kama inavyotuhusu sisi wa damu, na familia imeiandika ikiwa bado haijaamini kwamba ina sababu ya kuiandika, kwani Jumapili tulikuwa na mzee mzima anayeulizia habari za wajukuu, na Jumatatu kabla ya saa sita mchana tukaambiwa tutafute sanduku.

Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa dobi wa hospitali hiyo na mkewe mshonaji, na wa pili ni dada yake, ambaye wengi hapa mnamwita Shangazi, yule aliyeketi mbele na mkoba mapajani. Nyumba zile zilikuwa na bomba moja la maji, na pale bombani ndipo tabia yake kubwa ilipoonekana mara ya kwanza, kwamba mtoto huyu alikuwa akizama katika mawazo akiwa amesimama wima, macho ameyafumba, ndoo imejaa na inamwagika, akina mama kwenye foleni wanapaza sauti, "Wewe mtoto, hiyo ndoo unaijaza au unaiogesha?" naye hasikii chochote, mpaka dada yake mdogo amvute shati kwa nyuma, ndipo azinduke, aombe radhi na kuondoka na ndoo yake. Kuitwa hakukumzindua, kelele hazikumzindua, ilikuwa ni shati tu, na mkono wa dada yake. Mama yao alimpeleka kwa daktari wa masikio, daktari akampima akachoka, akasema mtoto anasikia vizuri kabisa, ila kuna wakati hayupo.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, ambako mwalimu wake wa darasa la tano alimwadhibu kwa kulala darasani, kisha akasahihisha madaftari na kukuta aliyelala ndiye pekee aliyepata jibu, akaendelea na sekondari kuanzia 1966 hadi 1971, akapata shahada ya kwanza ya fizikia mwaka 1975, akaenda ng'ambo kwa masomo ya juu, na Septemba 1980 akarejea na shahada ya uzamivu, sanduku la vitabu, na koti zito ambalo hakulivaa tena maishani ila alikataa katakata ligawiwe.

Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa chuo kikuu kuwa mhadhiri, na mwaka 1983, akiwa na penseli na meza ya kula ambayo mguu wake mmoja ulitegemezwa kwa kipande cha mbao, alikokotoa kwamba miongoni mwa vitu vidogo mno vinavyopita katika miili yetu bila kutugusa, lazima iwepo chembe moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona, akaeleza isakwe wapi na itajulikanaje. Mlinganyo ule, ambao ukiuandika ubaoni haumalizi hata mstari mmoja, ndio uliompa umaarufu, ukaingia katika vitabu vya nchi nyingi, ukamletea tuzo na mialiko, na mwaka 1989 ukamfanya profesa, lakini yeye mwenyewe akiulizwa kazi yake alisema ni mwalimu, na darasa la mwaka wa kwanza la Jumatatu hakulitoa kwa mtu, hata baada ya kustaafu Juni 2016. Wanafunzi walimwita Mwalimu Futa, kwa sababu hesabu ikienda kombo, iwe yake au ya mwanafunzi, hakukasirika wala kutafuta wa kulaumiwa, alichukua dasta akasema, "Futa, tuanze upya." Na alipokaa kwenye kiti mbele ya darasa akafumba macho, walioingia mwaka mmoja waliwafundisha walioingia mwaka uliofuata kwamba Mzee yupo kazini, mwacheni, atarudi mwenyewe.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na mkewe mpenzi, mfamasia, ambaye alikutana naye kwenye dirisha la duka la dawa alipozama huku foleni ikirefuka nyuma yake, bibie akagonga kioo na kumuuliza, "Kaka, unanunua dawa au unapigwa picha?" na watu walipocheka yeye akajibu kwa upole kwamba alikuja kununua dawa lakini sasa amesahau ya nini. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa Novemba 1983, na mdogo wake wa kiume, fundi umeme, aliyezaliwa Aprili 1987. Kwa kuwa binti na ile chembe vilitokea mwaka mmoja, baba alizoea kumwambia, "Mama, huyo ni pacha wako, amechelewa tu njiani," na binti akakua akimngojea pacha wake, naye akasomea fizikia, ila ile ya kufanya majaribio, na leo anafanya kazi na wenzake kwenye mtambo uliojengwa chini kabisa ya mgodi ulioachwa, kazi yao ikiwa ni kuisaka chembe hiyo. Utani wao haukuisha, baba akisema, "Mimi nimeshasema, kilichobaki ni wewe kutazama tu," na binti akimjibu, "Wewe umesema umekaa kwenye kiti, Baba, sisi huku tunavaa kofia za chuma."

Ndugu waombolezaji, mahali hapa katika historia kama hii husomwa habari za ugonjwa, lini ulianza, alilazwa wapi, nani alimuuguza, na watu hupata namna ya kuuzoea msiba kabla haujasomwa, lakini sisi hatuna ugonjwa wa kuwasomea. Alikuwa na goti lililomsumbua kwenye ngazi, basi. Tulicho nacho ni simu moja, na binti yake ameomba isomwe hapa bila kupunguzwa, kwa sababu maneno yameshaanza kupita kwenye viti.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba 2023, alasiri, mkewe akiwa safarini kwa mtoto wao wa pili kumwona mjukuu mpya, binti alimpigia baba yake simu, baada ya kuwaomba wenzake ruhusa, ili habari hii mzee asije akaisikia redioni. Alimwambia, "Baba, haipo." Akamuuliza, "Nini haipo?" Akasema, "Chembe yako. Tumesaka kote ulikosema, tumerudia, haipo." Marehemu akanyamaza, na binti, aliyelelewa katika nyumba ambamo kimya cha baba hakiguswi, akangoja, kisha akasikia, "Mama, una uhakika?" akajibu, "Tuna uhakika, Baba." Ndipo marehemu akasema, "Haya. Umekula?" akaambiwa ndiyo, akakata simu. Asubuhi iliyofuata alikwenda kufundisha, akafia darasani.

Binti alifika nyumbani Jumanne, akakuta kikombe cha baba yake bado kipo kwenye sinki, hakukiosha, akatusimulia habari ya simu akiwa amesimama, na Shangazi, ambaye siku ile hakuwa na kauli wala machozi ya kutosha, akasema mbele ya watu, "Mtoto unamwambia baba yako maisha yake yote ni bure, halafu unashangaa?" Neno likatoka, likakaa sebuleni. Tangu hapo binti hakula na watu, alikaa chumbani kwa baba yake kwenye kiti cha kuandikia, na kila aliyeingia alimuuliza swali moja, kwamba Baba alilalaje usiku ule, ilhali nyumbani hakukuwa na mtu mwingine.

Daktari alitueleza kwamba mshipa wa damu ulipasuka kichwani, mshipa ambao yawezekana alizaliwa nao ukiwa dhaifu, na ungeweza kupasuka siku yoyote, akicheka au akifunga kamba za viatu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akarudi kwenye kiti kile.

Alhamisi mchana walikuja wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakasimama uani kwa muda wakisukumana nani aingie, mwisho akaingia msichana ambaye darasani huketi kiti cha mbele, akaomba kuzungumza na binti wa marehemu. Alisema Mwalimu alifika mapema Jumatatu, shati amelichomekea vizuri kuliko siku zote, akauandika mlinganyo wake ubaoni kwa herufi kubwa, akawaambia, "Huyu amenilisha miaka arobaini. Jana binti yangu amenipigia simu kuniambia si wa kweli. Mimi nilikuwa nasema, yeye ameenda kutazama." Kisha akawauliza, "Nani hapa ameshawahi kumshinda baba yake?" darasa likacheka, akasema, "Basi kawashindeni, hamjui mnawanyima raha gani." Akamnyooshea dasta msichana huyu aufute, msichana akakataa, akasema, "Profesa, huo mimi siwezi," naye akamtania, "Unaogopa nini, ubao?" akaufuta mwenyewe, polepole, akikohoa kwa vumbi la chaki, mpaka ukabaki mweusi mtupu, akageuka akiwa anatabasamu, akasema, "Haya. Tuanze upya." Akakaa kitini, akaweka dasta gotini, akafumba macho.

Na darasa likangoja. Walishika kalamu wakangoja, simu ya mmoja ilipolia wenzake wakamkemea, dasta lilipoanguka hakuna aliyeliokota wasije wakamkatiza, wakakaa kimya kwa adabu, kama walivyofundishwa, mpaka mhadhiri wa kipindi kilichofuata akafungua mlango na kuuliza, "Bado mpo?" Msichana alipofika hapo akasema, "Dada, mimi nilikuwa karibu kuliko wote. Tulidhani anafikiri."

Binti wa marehemu alinyanyuka kutoka kwenye kiti cha baba yake, kwa mara ya kwanza bila kuitwa, akamkumbatia yule msichana, akamwambia, "Hata mimi ningengoja." Kisha akaenda jikoni, akakiosha kile kikombe.

Shangazi alikuwa mlangoni na alisikia yote. Hatukusikia neno lolote kati yake na binti, wala hatukulidai, lakini jana, walipokwenda wawili hao kumvisha marehemu, ilipofika zamu ya shati Shangazi aliomba aachiwe yeye, akalivuta kwa nyuma, akalinyoosha, akasubiri kidogo mkono ukiwa bado umelishika, kisha akamwambia binti, "Shika upande huo, mama, tumchomekee."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, ingawa alifika kwao akiwa ameshaondoka, majirani mliotuazima viti na kutuletea maji, uongozi wa chuo na wahadhiri wenzake, wafanyakazi wa mgodini waliosafiri na binti yetu ili asiwe peke yake njiani, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambao familia inawaambia leo hadharani kwamba hamna deni kwetu wala kwake, mlimpa heshima aliyoizoea, na alikuwa na furaha, nasi tumelijua hilo kwa sababu yenu.

Ameacha mke, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja, na ubao ambao chuo kimekubali usiandikwe kitu mpaka Jumatatu ijayo, darasa litakapoanza upya.

Baba, Kaka, Mwalimu Futa, umenyamaza tena, na safari hii hatukuvuti shati. Pumzika, tumekuacha kwa amani.